Boti la Hoza Tumelitembeza

Hoza, marahaba sikupi! Unapeleka ng'ombe wetu mnadani ili ununue boti la kutembeza watalii, na hujaliona likitembea? Leo hapa Tanga nimelikagua. Ni la zamani, limepakwa rangi mpya, lina vyumba vya kulala, hata jiko. Nikamwambia mwenye boti, "Sisi watu wa Lukozi hatununui ng'ombe aliyelala. Litembeze."

Akasema, "Bibi, limepumzika."

Nikagoma kushuka mpaka akaliwasha, tukaondoka. Hatujafika mbali, maji yakanifika vifundoni! Nikapiga kelele. Yeye hata hakushtuka, akachomoa ndoo chini ya kitanda, akaanza kuchota kama mtu anayefagia uwanja wake.

Usilinunue, mjukuu wangu. Ukizama wewe, mimi bibi yako nitazikwa na nani? Ukimaliza kusoma ujumbe huu, warudishe ng'ombe zizini, uwakatie majani.