Wanamaji Waliotangulia Kushuka

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi tena gwaride. Mume wangu, Baba Okoth, amepita vyumbani kukagua vitanda, mikono nyuma, Okoth akimfuata. Mwanamume mzima na ndevu zake anamwita babake afande mezani. "Chai iko tayari, afande." Wote wawili walikuwa jeshi la wanamaji kule Mombasa. Baba akastaafu, mwana akatoka mapema, na sasa nyumba yangu ya Migosi imekuwa meli. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi nachoka. Lakini hawanywi, hawagombani na majirani. Sitaki kumlalamikia Mungu.

Jumamosi watatubeba na mashua yao ya injini, sisi kina mama wa kanisa, tuvuke ghuba ya ziwa twende maombi upande wa Kendu Bay. Mama Rusia amefurahi kama mtoto. Mjane wa Kaloleni, miguu imevimba kwa ugonjwa wa sukari, barabara inamtesa. Nimemwambia atakaa karibu nami.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda ufuoni kununua omena, dagaa wetu wa ziwani. Wavuvi wanasema upepo unageuka, magugu maji yatafunga ghuba, tungoje. Nimemfikishia Baba Okoth. Amecheka mpaka akakohoa. "Mimi nimevuka bahari kuu, Mama Okoth, unaniletea habari za majani?" Okoth naye akacheka, kwa sababu babake amecheka.

Ziwa letu wanaliita karai. Karai hilo lilimmeza kaka yangu. Nimekaanga omena.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika nyumbani. Mama Rusia yuko hospitali. Nimeoga mara mbili na bado nanuka tope. Siwezi kuandika.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Mwili umekataa. Naandika sasa kabla sijaanza kujidanganya.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Tuliimba njia nzima. Kurudi, saa ya jua kali, magugu yalikuja kutoka pande zote, kijani mpaka macho yanachoka. Propela ikasokotwa. Okoth akaingiza mkono, akakata, akawasha, ikasokotwa tena. Injini ikazima kabisa. Nyuma yetu njia ilikuwa imefungwa kama mlango.

Tukakaa. Jua juu, mbu chini. Harufu ya majani yanayooza, ile inayokaa kooni. Wanawake wazima tukajisaidia ndani ya ndoo tukifichana kwa leso. Wao wawili wakaanza kubishana nani aliamuru njia ile. Afande hivi, afande vile. Mbele ya kina mama.

Halafu Baba Okoth akasimama, akaangalia maji, akasema kwa sauti ya jeshi, "Mtulie. Maji yakijaa yatayabeba haya magugu, tutatoka."

Maji yakijaa! Ziwani! Hapa hakuna kujaa wala kupwa, hata mtoto anajua. Mama Rusia ndiye aliyeanza kucheka. "Baba Okoth, utangoja mpaka Yesu arudi." Tukacheka wote, mashua ikatikisika. Hata mimi. Nilimwona uso ulivyomshuka kwa aibu.

Wavuvi wawili wakatufikia na mtumbwi mdogo, wakijisukuma kwa mti mrefu. Wakasema waziwazi: mtumbwi unabeba watu wawili tu zaidi yao, leteni mgonjwa na wa kumshika, sisi tunarudi na mashua kubwa na wenzetu. Mama Rusia alikuwa amejidunga sindano yake ya sukari na hajala. Alikuwa anatetemeka. Tulimwinua. Alikuwa ameshanyanyua mguu.

Baba Okoth akapita mbele yake, akashuka. Akasema, "Okoth, twende tukalete msaada." Okoth akasema, "Ndio, afande." Akashuka.

Msaada ulikuwa umeshasemwa! Wavuvi wenyewe walishangaa. Mume wangu hakuniangalia. Alibeba na begi lake, maana jeshini hawaachi begi, na ndani ya begi kulikuwa na maandazi yetu yote.

Mama Rusia alizimia mapajani mwangu. Nilimpaka mdomoni sukari ya peremende niliyoipata chini ya pochi, nikaomba kwa sauti. Wavuvi walirudi jua likishuka. Wanamaji wangu hawakuwa nao. Niliwakuta wamekaa ufuoni, wanakunywa soda.

Nimechefuka. Sina neno jingine.

Jumatano, 12 Machi

Nimetoka hospitali. Mama Rusia anaongea, ana dripu. Hakulalamika. Alisema tu, "Nilidhani mimi ndiye wa kwanza. Nilishanyanyua mguu." Nikatoka nje kulia.

Sasa nasikia Baba Okoth amemwambia Pasta kwamba walipasua magugu wakaleta waokoaji. Pasta amefurahi. Jumapili watasimamishwa mbele, wavishwe shuka za heshima, wapigiwe makofi. Na mimi, kama mkewe niliyekuwepo, nitoe ushuhuda.

Nimewapigia wenzangu mmoja mmoja. Wote wanajua. Wote wanasema kitu kimoja: "Ni bwana yako, Mama Okoth. Sisi tutaanzia wapi?" Basi nikinyamaza, uongo unabatizwa. Nikisema, namvua mume wangu nguo kanisani. Nitaishi naye vipi?

Nyumbani wanapiga viatu rangi. Harufu ya kiwi na kitunguu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejaribu kuongea naye. Nilimwambia, mwambie Pasta mwenyewe, bado kuna nafasi. Akasema kiongozi lazima afike nchi kavu ili apange mambo, na kwamba mimi sijui kazi ya wanamaji. Nikamuuliza na maandazi je? Akaongeza sauti ya redio.

Okoth alikuwa mlangoni. Aliinamisha kichwa akaondoka. Nikamchukia zaidi ya babake. Kidogo tu, halafu nikaona haya, maana nilimzaa.

Jumapili, 16 Machi

Nimesema.

Walisimama mbele na bereti zao, shuka mabegani. Pasta akanipa maikrofoni. Sikutukana mtu. Nilisema wavuvi wawili ndio walituokoa, na nafasi ya Mama Rusia ilichukuliwa na mume wangu, na ile ya kumshika ikachukuliwa na mwanangu, na kwamba shuka hizo zipelekwe ufuoni. Basi. Nilirudi kukaa.

Mtoto mmoja alilia. Baba Okoth akasema, "Huyu mwanamke amechanganyikiwa na jua." Watu wengine wakaguna. Pasta akashika kitabu chake hajui afungue wapi.

Ndipo Okoth akavua bereti. "Baba, Mama anasema kweli. Tuliogopa." Halafu akavua shuka, akaikunja polepole, akaiweka juu ya meza ya sadaka. Babake akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakuna aliyempisha, hakuna aliyemzuia.

Sikusikia ushindi wowote. Nilisikia kichefuchefu kilekile, sasa hata kwangu, kwa sababu nilikuwa nimemcheka mashuani kabla hajashuka.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imenyesha. Mama Rusia ametoka hospitali. Okoth anakwenda kumchotea maji tangu jana.

Baba Okoth hali mezani. Leo mchana alikuja jikoni, akasimama karibu na friji. Nilikuwa nachambua mchele. Akauliza kama Mama Rusia anaweza kumpokea mtu. Nikamwambia sijui, kwake hakuna geti. Akachukua mwavuli, akaenda upande wa Kaloleni.

Bado simpendi leo. Nimemwambia Mungu hivyo hivyo, bila kupamba. Saa hii anarudi, nasikia anafuta viatu kibarazani, anafuta muda mrefu. Nimemfunikia chakula chake. Mimi nimekula kwanza.