Barete Mbili, Mifuko Miwili

Mama Sifa,

Kaa kwanza, kisha usome. Padri alisema huko uliko hakuna tena kuchoka, lakini minye nakujua, utasoma umesimama, mkono mu kiuno, ukitafuta makosa. Makosa ni mengi. Naandika na kidole kimoja, kama kuku anayedonoa, na kila herufi kubwa naitafuta dakika nzima. Lakini naandika ku mashini yako, ile kompyuta. Maana yake mashini yako imefufuka. Na kama imefufuka, basi ilikuwa imekufa, na kama ilikufa, kuko aliyeiua. Hiyo tutaiongea. Usinikimbize.

Habari za nyumba kwanza. Sufuria yako kubwa nimeiunguza mara mbili. Sombe napika mwenyewe sasa, na paka amehamia kwa jirani. Maji ya ziwa yamerudi nyuma kidogo, yakatuachia matope mpaka ku mlango wa sekretariati, duka letu la barua na fotokopi. Vita iko palepale. Leo wanasema wenye silaha wameshuka toka milimani, kesho wanasema wamepanda tena, na siye wa chini tunafunga milango saa kumi. Watu wananiuliza kama ulikufa na risasi. Nawaambia hapana, ulikufa na tension, presha ya damu, zile siku tatu ambazo hakuna duka la dawa lililofungua. Wananiangalia kama vile nimewanyima kitu.

Sifa, binti yetu, alikuja ku mazishi, bado hajarudi kwake Buja, ng'ambo ya mpaka. Kila asubuhi ananiwekea chai na maneno yaleyale: "Papa, funga hii sekretariati, tuvuke wote. Hapa unangoja nini?" Namuambia nangoja kliya, mteja yeyote. Hacheki. Hiyo sura ya kutocheka alikuibia weye.

Sasa tuje ku kosa.

Unakumbuka tulivyogawana kazi. Weye ndani, ukipigia watu barua na kutoa fotokopi. Minye ku mlango, nikichaji telefoni za watu na kuwachokoza. Na kila jioni kabla ya kufunga, ulifanya ile kazi ambayo sijaona mtu mwingine akiifanya. Ulifungua ubavu wa mashini, ukasukuma vile vibano kwa vidole gumba, ukatoa barete, vile vijiti viwili bapa vya kumbukumbu, vya kijani, vyenye meno ya dhahabu, ambavyo bila vyenyewe mashini haiamki. Moja uliifunga mu kitambaa chako cha kichwa. Ya pili ulinipa minye niitie mu soksi. Nikilalamika kwamba inanichoma, ulisema, "Afadhali ikuchome. Hakuna mwizi wa Uvira atakayeingiza mkono mu soksi yako na arudi mzima." Asubuhi ulizisugua meno na gomu ya wanafunzi ya kufutia, yangu zaidi, kisha ukazirudisha mahali pake.

Nilikuona una wazimu mpaka siku ile wenye silaha walipoingia jioni, barete tumeshazitoa. Mmoja aliwasha mashini. Ikalia pii, pii, pii, kioo kikabaki cheusi. Weye ulikuwa ku kiti kidogo unachambua maharagi, barete ikiwa mu kichwa, ukasema bila kuinua macho, "Muichukue, wanangu, mtanisaidia. Nimekosa wa kuitupa." Yule mkubwa wao akaiangalia kama mtu anayebebeshwa mzigo wa mwenzake. Wakaiacha. Wakachukua radio yangu, kisha wakaniambia nivue viatu. Nikavua. Walivichukua mbio mbio, na kuhusu soksi hakuna aliyeuliza.

Siku ile njo uliweka sheria: barete mbili hazipiti mu mfuko mumoja. Mashini inaamka hata na moja, polepole, ikikokota mguu, lakini inaamka. Akipatikana mmoja wetu, mwingine atakuwa na ya kuamshia.

Haya. Wiki ya pili baada ya kukuzika, nilifungua sekretariati. Jioni nikatoa barete kama weye. Moja nikaitia mu soksi. Ya pili nikabaki nayo mkononi. Mama Sifa, sikuwa na mtu wa kumpa. Nilisimama pale kama mjinga, kisha nikatoa na ile ya mu soksi, nikaziweka zote mbili mu mfuko wa suruali, ile ya kahawia. Mfuko mumoja.

Weye ulipekua mifuko yangu kabla ya kufua. Miaka yote ile nilifikiri unatafuta barua za wanawake, na nilijivuna kidogo. Kumbe. Kesho yake ilikuwa siku ya Mungu, Jumapili, nikashuka ziwani na suruali, na sabuni nyingi, nikipiga mluzi ili wamama wa pale waone kwamba mwanaume aliyefiwa anaweza. Niliisugua. Nikaipiga ku jiwe mara saba au nane. Wamama walinisifu.

Siku ya kazi nikazitoa mu mfuko. Zilinukia vizuri kuliko siku zote. Nikazipuliza mara tatu, nikazirudisha, nikabonyeza. Mashini haikulia pii. Ilisema kach, ikatoa moshi mudogo, basi.

Nilikaa chini, nikalia. Ku mazishi yako sikulia vile. Ku mazishi kulikuwa na watu wa kupokea, viti vya kuazima, wajomba zako wa kulisha. Mbele ya ile mashini nilikuwa peke yangu, na nilikuwa na kosa.

Na angalia kliya wa kwanza aliyefika asubuhi ile: Mama Espe wa Mutarule, yule uliyemuandikia karatasi za kuzaliwa za watoto wake watatu. Nyumba yake iliungua, na kila kitu ndani. Anataka kuvuka Burundi na watoto, ku mpaka wanamuuliza karatasi. Akaniambia hivi: "Mama Sifa aliniambia, zikiungua, rudi, niko na kopi." Nikakumbuka nilivyokucheka, kwamba unaweka kopi ya kila karatasi inayopita mikononi mwako, nikisema unakusanya majina ya watu kama mwenye kuandaa uchaguzi. Sasa yule mama alikaa ku banki, benchi letu la mbao, watoto watatu mbele yake, na alinitazama minye. Minye, mutu wa mwaka wa tano wa primeri.

Nilimuambia arudi baada ya siku mbili. Akarudi. Nikamuambia siku mbili zingine. Sifa aliniangalia nikidanganya, akasema, "Papa, umpeleke kwa fundi huyu mufu wako, ao umwambie mama wa watu ukweli."

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, na mashini magotini mpaka kwa Fundi Deo, yule tumbo kubwa uliyemsema kwamba anafungua mashini kama anayekula samaki. Aliifungua hivyohivyo. Akasema karte-mere imekufa, lile bati kubwa linaloshika vyote, na barete zimekufa nayo. Lakini diski iko nzima. Kopi zako zote ziko. "Mungu anakupenda, Mzee," akasema. Nikamuambia anakosea jina, anayependwa ni bibi yangu, minye napita nyuma yake tu.

Akaniwekea karte-mere mbili ku meza. Ya kwanza ilikuwa ndogo, nzuri, barete zimechomelewa humo humo. "Hii ni ya kisasa, Mzee, hakuna kitu kinachotoka wala kulegea." Nikamuuliza, na jioni natoa nini? Akafikiri naumwa. Nikamueleza desturi yako, kitambaa, soksi, vyote. Alicheka mpaka akaweka tournevis, bisibisi yake, chini. Kisha akairudisha ile ndogo mu karto yake, akanisogezea ya pili, yenye vitanda vine vya barete na vibano pande zote mbili. Nikavifungua na kuvifunga mara kumi. Vibano vizuri, Mama Sifa. Vingekufurahisha vidole.

Nilimtolea barete ya akiba, ile uliyoificha mu kopo la chumvi. Haikuingia. Nikasukuma. Deo akanishika mkono: "Mzee, pengo lake haliko palepale. Angalia. Hii ni ya kizazi cha tatu, karte hii inataka ya nne. Ukisukuma utavunja vyote viwili." Nikaangalia, kweli, pengo limesogea kidogo tu, kama meno ya mutu na ya mudogo wake. Nikamuambia ningekuwa na tupa ningelichonga. Akaficha tupa yake. Naona aliniamini.

Kisha tukabishana. Deo alitaka nichukue barete moja kubwa, ya giga nane. "Unaacha vitanda vingine wazi, siku moja utaongeza." Ao mbili za giga nne nne, akasema, mapacha wa karto moja, zinakimbia vizuri zaidi kwa sababu mashini inavuta kwa mikono miwili, lakini kwa barua na fotokopi tofauti hutaiona. Fundi mzima alisema nichukue moja. Na moja ingenifaa. Moja, soksi moja, mzee mumoja. Nilikaa pale na ile kubwa mkononi muda mrefu, mpaka Deo akaenda kununua karanga na akarudi.

Nilisema mbili.

Akauliza kwa nini. Nikamjibu kwamba natafuta mwendo. Nilimdanganya. Nilisema mbili, maana moja ingekuwa kusema kwamba umekwisha.

Vingine sikubishana sana. Alimantasio ya zamani, lile sanduku la umeme, tuliiacha humo, iko na nguvu bado kuliko minye. Akanipa feni mpya ya kupoza, na hapo shetani akanijaribu: alikuwa na moja yenye taa za rangi, nyekundu, buluu, inazunguka kama bar ya Kavimvira. Niliitaka. Kweli niliitaka. Kisha nikakuona mbele yangu, ukiniuliza kama nimealika wenye silaha waje kucheza. Nikachukua nyeusi.

Mashini iliamka. Sifa alikuwa nyuma yangu, mikono amefunga kifuani. Kioo kikawaka, na majina ya kopi zako yakatokea, safu kwa safu, jina na kijiji, jina na kijiji, nusu ya uwanda wote wa Ruzizi. Sifa akaanza kuyasoma kwa sauti ya chini. Hakujua, Mama Sifa. Alifikiri mama yake alikuwa anauza fotokopi. Alipofika ku Mama Espe, akanisukuma toka ku kiti, "Papa, toka, vidole vyako vinanichelewesha," akatoa karatasi tatu. Watoto wale walizipuliza ili wino ukauke, kila mmoja yake. Mama Espe alisogea karibu. Aliweka mkono wake ku mashini, juu, kama vile unavyomshika ng'ombe aliyezaa. Walivuka kesho yake. Motari, mwenye pikipiki aliyewapeleka, alinihakikishia.

Siku ile ya karatasi, saa kumi ilipofika, nilifungua ubavu wa mashini. Nikasukuma vibano, nikatoa barete mbili mpya, bado zinang'aa. Moja nikaitia mu soksi. Ya pili nikabaki nayo mkononi, palepale niliposimama siku ile, na nikaangalia ukuta.

Sifa alikuwa anafagia matope. Akaniona. Akaniambia, "Papa, lete." Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaiviringisha barete ndani, akakifunga tena kwa meno na mkono mumoja, vile ulivyofunga weye. Sikuwahi kumfundisha. Kisha akachukua ufagio wake. Hakusema kama anabaki wala kama anaenda. Sikumuuliza, maana ningeuliza angejibu, na minye nilitaka kutembea mpaka nyumbani kwanza. Tulitembea, yeye mbele. Nilikuwa naangalia kile kitambaa njia nzima, nikajikwaa mara mbili.

Nakuahidi hivi: mfuko mumoja, kamwe tena. Nitazisugua na gomu kila asubuhi, hata yangu. Sifa akirudi Buja, nitamtafuta mutu mwingine wa kuaminiwa kichwa chake, na nikimkosa nitaifukia ya pili ku miguu yako, ili uwe na kazi. Na kabla ya kufua nitapekua suruali, ingawa najua hakuna barua za wanawake humo. Hazikuwahi kuwa, ulijua, na ulipekua tu.

Pumzika sasa. Usiwasumbue watakatifu na makosa yao ya kuandika.

Ni minye, wa soksi ya kushoto.