Pale Aliposimama Twiga

Kambi ya Wapima Ramani,
Ziwani, chini ya mlima wa barafu.
Jumapili.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyokutumia inasaidia, au umeshaigawa kwa majirani kama kawaida yako? Mimi mzima, ingawa kukuandikia wewe kwamba ni mzima naona haya.

Barua yako imenifikia. Umeniuliza jambo moja tu, kama tumemwona mwanao. Hatujamwona, shangazi.

Acha nikueleze yote, kwa kuwa wewe ndiye mama yake. Tunachora ramani ya ziwa hili kwa sababu barafu ya mlimani inayeyuka, maji yanazidi kila mwaka, na watu wa bondeni wanataka kujua ukingo utapasuka wapi. Mimi hukaa kwenye darubini, mwanao, binamu yangu, alishika fimbo ya kupimia. Kwa urefu wake tulimwita Twiga, naye alidai fimbo ni pambo tu, apimwe yeye.

Siku ile alisimama ukingoni, juu ya mawe na vumbi. Sote tulidhani ni ardhi. Kumbe ilikuwa barafu iliyofunikwa na mawe, na chini yake maji. Nilisoma kipimo, nikainama kuandika. Nilipoinua uso, ukingo haukuwepo, wala yeye.

Mkuu wa kazi alisema alama ya pale ifutwe kwenye ramani, maana ardhi yenyewe haipo tena. Hakukosea. Niliifuta kwa mkono wangu, nikatoka hemani nikalia kama mtoto.

Tangu hapo napima kina kwa mtumbwi wa mpira, nikishusha kamba yenye timazi, uzito wa kuizamisha. Wenzangu wanadhani napima. Namtafuta. Katikati ya ziwa kamba iliisha kabla sijagusa chini. Maji haya ni baridi mno, shangazi, mtu akizama haibuki.

Watakuambia maji yakimwagika hayazoleki. Wanyamaze. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nimepoteza mtani wangu na moyo umepasuka, sembuse wewe.

Nisalimie bibi, ila habari ya kamba usimwambie. Msalimie na dada mkubwa pamoja na wanawe. Mungu akushike mkono, maana wangu haufiki huko.

Dada ameniandikia kwamba mpaka leo hutii komeo mlangoni usiku, asije akagonga usisikie. Tia komeo, shangazi. Ulale.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye.