Nimepita Mlango wa Ndege

Kwako Mama yangu, nyumbani Bweranyange,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute umeketi na miwani yako iko karibu, maana ni ndefu, na sitaki umpe mdogo wangu Jovin akusomee. Isome wewe kwanza, peke yako, halafu utaamua nani aambiwe nini.

Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kwenye simu kwamba limepona, na nyuma yako nikamsikia Jovin akicheka, basi nikajua halijapona. Na kibanja je? Nasikia mnyauko umeingia kwenye migomba ya jirani, ng'ambo ya barabara. Mwambie mdogo wangu asiazime panga la mtu kabla halijapitishwa kwenye moto. Najua analijua hilo kuliko mimi. Nataka tu nijione kama nami bado nalima.

Mimi ni mzima. Baridi ya huku Ujerumani imepungua, miti imeanza kuchipua, na kazi ni ile ile ya kutunza wazee: kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha, na zaidi ya yote kuwasikiliza.

Mama, nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nitakudanganya tena. Nikisikia sauti yako huwa nasema mazuri tu. Barua hii anakuja nayo dada mmoja wa Muleba, muuguzi mwenzangu, anakuja likizo. Dada yetu Adelina ataifuata kwake na kukuletea.

Nianze na lililo zito. Baba alipofariki, wenye kazi hawakuninyima ruhusa. Mkuu wetu alinipa pole, akanipa ruhusa siku hiyo hiyo, na mwenzangu mmoja akanipeleka uwanjani kwa gari lake. Nilipita ukaguzi, nikapanga foleni, nikatembea mpaka mlangoni pa ndege. Pale, kati ya ile njia ya kupitia abiria na ndege yenyewe, kuna ufa mdogo usiozidi upana wa vidole viwili. Ukiinama unaona chini kabisa, wanakopita wapakia mizigo. Nikaangalia. Miguu ikakataa. Mhudumu akanikaribisha mara mbili, ya tatu akaniuliza kama naumwa. Nikageuka, nikawapita watu wote na begi langu, nikaenda kukaa kwenye viti vya uwanja. Nilikaa pale siku mbili, mpaka Adelina aliponipigia kusema mmeshamzika.

Ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikawaambia nimenyimwa ruhusa, na wewe ukasimama mbele ya ukoo mzima ukanitetea, ukasema Wazungu hawajui msiba. Wanaujua, Mama. Mara ya pili, mlipotaka kumaliza msiba ili nikalishwe kwenye kiti cha Baba kama mrithi, lubisi ya ndizi imeshakamuliwa na wageni wameshaitwa, hata uwanjani sikufika. Nilikaa kitandani nimevaa viatu, nikazima simu. Sasa Baba mkubwa ametuma neno kwamba kahawa zikishaanuliwa ukoo utaketi kwa mara ya mwisho, niwepo nisiwepo. Ana haki. Nyumba haiwezi kukaa na msiba usiokwisha kwa ajili ya mtu mmoja.

Naona aibu kuandika haya, lakini afadhali aibu yangu kuliko wewe kuendelea kunisemea uongo bila kujua.

Ugonjwa wenyewe unaujua. Ni ule wa mfenesi nyuma ya jiko. Nilikuwa darasa la tatu, Baba akanituma nipande nikalifunge fenesi moja kamba tuliteremshe. Kupanda nilipanda vizuri. Kushuka ndiko kulikonishinda. Nilikumbatia tawi tangu asubuhi mpaka watu wakarudi kutoka kanisani, wakasimama chini kunishauri, kila mmoja na ushauri wake. Baba akapanda na kanga yako, akanifunga mgongoni kama mtoto mchanga, akanishusha mbele ya kwaya nzima. Hakunicheka. Wewe ulicheka, lakini nimeshakusamehe. Nilipoondoka nyumbani miaka mitano iliyopita nilidhani mambo hayo yamebaki utotoni. Ndege ya kwanza, ile ya kutokea Bukoba, ikanionyesha kuwa nimesafiri nayo. Safari nzima nilifumba macho na kutapika mpaka nikawa sina tena cha kutapika.

Sasa habari yenyewe. Kati ya wazee ninaowatunza kuna bibi mmoja anaitwa Hilde. Zamani alikuwa mpeleka barua, akizunguka kwa baiskeli, na nadhani barua nyingine alizisoma maana hakuna asilolijua. Asubuhi moja namvisha soksi, akaniuliza kwa nini kila mtu hapa huenda kwao isipokuwa mimi. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu nilikuwa nimeinama na sikuuona uso wake. Nilimwambia yote, mpaka ule ufa.

Akanituma kwenye droo nimletee karatasi. Wajukuu wake walikuwa wamempa zawadi ya siku ya kuzaliwa: kupandishwa kwenye ndege ndogo na kuruka nje kwa mwavuli, akiwa amefungwa kwa mtaalamu. Bibi wa miaka themanini na mbili, na zawadi aliichagua mwenyewe. Daktari akakataa kwa sababu ya moyo.

"Nenda wewe," akaniambia. "Halafu urudi unisimulie. Ila usinipambie. Mimi sina tena muda wa kusikiliza uongo."

Karatasi ile ilikaa ndani ya Biblia yangu wiki mbili. Niliwaza sana. Nikaona hivi: nikiweza kupita mlango ambao ng'ambo yake hakuna kitu, nitashindwaje kupita ule ambao ng'ambo yake kuna kiti, mkanda na chai? Nikaenda, siku ya Jumamosi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilisali kama mtu anayekwenda kupasuliwa.

Mahali penyewe ni uwanja wa majani tu, na kibanda cha mabati. Mtaalamu wangu anaitwa Uwe, mtu mnene mpole mwenye ndevu nyekundu. Alinilaza kwa tumbo juu ya meza, akanifundisha kujikunja, kichwa nyuma, na kwamba tukikaribia ardhi niinue miguu. Yote nikayashika. Lakini alipoleta mikanda anifunge kifuani kwake, nikamzuia.

Wewe unajua kwetu. Mtu hufanyi naye jambo kubwa kabla hamjatafuna kahawa pamoja. Nami nilikuwa naenda kufungwa kwa mtu nisiyejua hata kama baba yake yu hai. Nilikuwa na zile kahawa ulizonitumia, ndani ya kikapu kidogo, nikamkaribisha. Akachukua moja, nami moja. Nikamwuliza kwao ni wapi, wazazi hawajambo, watoto wangapi. Rubani akawa anatazama saa, lakini Uwe alijibu kila kitu bila haraka. Mwishoni akanieleza kwamba yeye mwenyewe anaogopa ngazi, na nyumbani kwake taa ikiungua mke wake ndiye anayepanda kuibadilisha. Nikamwuliza basi hii kazi aliiwezaje. Akasema ngazi unapanda polepole, unapata nafasi ya kufikiri.

Kahawa yenyewe aliitafuna akakunja uso, akaitema mkononi kwa adabu, akasema hairuhusiwi kupanda na kitu mdomoni, mtu anaweza kupaliwa. Nikaitikia kwa kichwa. Lakini ya kwangu, Mama, nilikuwa nimeshaisogeza shavuni, kama tunavyofanya kanisani mahubiri yakirefuka. Nikapanda nayo.

Ndani ya ndege hakuna viti. Mnakaa sakafuni, mmoja mbele ya magoti ya mwenzake. Nilitazama kiatu changu muda wote, na nilipokosea nikatazama nje, mashamba yalikuwa yamekuwa vitambaa vya sakafuni kwa fundi cherehani. Kisha mtu akasukuma mlango ukafunguka kama wa duka. Upepo ukaingia na kelele. Tukajivuta mpaka ukingoni, miguu yangu ikaning'inia nje, na pale pale ikafanya kama ilivyofanya siku ya msiba. Ikawa si yangu.

Uwe alikuwa ameniambia mapema kwamba ataniuliza mara moja tu, nikikataa tutashuka na ndege na hakuna atakayenicheka. Akaniuliza sikioni. Mama, neno la kukataa lilikuwa limeshafika ulimini. Nikakumbuka vile viti vya uwanja na sauti ya Adelina ikisema mmeshamzika. Nikaelewa kwamba nimekuwa nikisubiri siku miguu yangu itakayokubali, na siku hiyo haipo.

"Twende," nikamwambia, "lakini usiisubiri miguu yangu."

Akainama mbele na mimi nikaenda naye.

Siwezi kusema niliruka. Nilibebwa. Mdomo ulinifunguka nikamwita Baba kwa sauti yangu yote, neno ambalo sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu afe, na ile kahawa ikachukuliwa na upepo. Imeangukia shamba la mtu. Kisha mwavuli ukafunguka, tukavutwa juu, na kelele zote zikaisha. Nikajiona nimening'inia nimefungwa kwa mtu kama siku ile ya mfenesi, hata nikahisi kama nasikia harufu ya moshi kwenye kanga yako. Nikalia. Nililia vibaya. Uwe akauliza kama mikanda inaniumiza. Nikamwambia hapana, namlilia mzazi wangu. Akatuzungusha polepole mpaka nikamaliza.

Kutua, nilisahau kuinua miguu. Tuliburuzwa kwenye majani mabichi na suruali ile haifai tena kuvaliwa mbele ya watu.

Nikarudi kwa Bibi Hilde nikamsimulia yote, hata suruali. Aliniuliza kama hofu imekwisha. Nikamwambia haijaisha, asubuhi ile ile nilipanda kiti kutundika pazia nikashuka kabla sijalitundika. Akasema basi nisikate tiketi ya kiti cha dirishani.

Tiketi nimekata, Mama. Nitafika kabla kahawa hazijaanuliwa. Nimewaandikia pia wenye ndege kwamba mlangoni nitahitaji mtu wa kunishika mkono na kunivuta. Wamejibu kwamba wana utaratibu huo, watu wengi huomba. Muda wote huu ulikuwepo, mimi nikaona aibu kuuliza.

Kuhusu kiti cha Baba, nimefikiri sana na nimekata shauri. Miaka hii mimi nimeogesha baba za watu. Baba yetu aliogeshwa na Jovin. Alipougua, Jovin ndiye aliyemgeuza kitandani, na ndiye aliyempeleka kaburini, na kahawa mnazouza ni za mikono yake. Mimi ni mkubwa kwa kuzaliwa tu. Kiti apewe yeye. Nitakuja niketi mkekani pamoja na wengine, nimpigie makofi, na nikiulizwa nitaieleza sababu mwenyewe. Tafadhali usimwambie kabla sijafika, maana atakataa kwa adabu na tutapoteza siku nzima.

Nisalimie Adelina na shemeji pale Kihanga, na mwambie safari hii asinipokee na wimbo. Nisalimie Jovin na mke wake, na yule mtoto wao ambaye hajaniona anione kwanza kwenye picha asije akakimbia. Nisalimie mchungaji wetu, na mama wa jirani aliyelala kwako siku zile za msiba wakati mwanao hakuwepo. Baba mkubwa kule Ndama mpe shikamoo yangu, na umwambie ukweli bila kuupunguza: Justus hakunyimwa ruhusa, aliogopa. Akicheka, mwache acheke.

Barua zangu zote za zamani nilizimalizia kwa kusema nisalimie Baba. Nimeona mkono unataka kuandika hivyo tena. Usimpelekee salamu, Mama. Nitamsalimu mwenyewe.

Mwanao,
Justus