Gari Siuzi, Kaka

Kunduchi Mtongani,
Dar es Salaam.
14 Machi 2025

Mpendwa Kaka Brightson,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Wifi Vaileth na watoto hawajambo? Nasikia huko Tukuyu mvua haijakata. Mie mzima, ila moyo umechafuka, na wewe ndiye uliyeuchafua. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Jumatatu fundi Nassibu alikupigia akakwambia nachezea pesa, nataka kubadilisha mkanda wa injini ambao haujakatika. Ukanitumia ujumbe: uza gari, rudi kubebea samaki wako kwenye bodaboda. Nusu ya hilo gari ni jasho lako, sibishi. Lakini siuzi.

Umesahau mwaka jana? Nilimsikiliza huyo huyo. "Gari linatembea, unalichokonoa nini?" Nikawa naongezea maji ya bomba kwenye rejeta, mpaka injini ikachemka njiani. Wiki tatu sina gari. Samaki wakaniozea, na ile hoteli ya Mbezi Beach niliyokuwa naipelekea ikatafuta muuzaji mwingine. Hasara ile ingenunua mikanda mitano. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta niliujenga mie, si Nassibu.

Tangu hapo nafuata kitabu cha gari. Ni cha Kijapani, ndiyo. Nakielekezea simu, inanitafsiria, na namba nazisoma mwenyewe: mkanda ni kilomita laki moja. Wetu ulibadilishwa huko huko Japani, kibandiko kipo kwenye injini, na laki yake imeisha.

Unasema waliotengeneza gari wanatafuta kuuza vipuri tu. Labda. Wala sikisujudii kitabu. Oili kinasema ibadilishwe kila kilomita elfu kumi. Aliyekiandika hajaliona vumbi la Goba. Mie namwaga kila elfu tano.

Juzi Nassibu aliufungua huo mkanda, amenuna. Upande wa ndani umejaa nyufa, nyuzi zimeanza kuchomoza. Ungekatika barabarani, injini ingekwenda nao. Aliugeuzageuza, akaenda kunawa mikono. Hilo hakukupigia kukwambia.

Pasaka nakuja Tukuyu. Nauli usitume, naendesha mwenyewe. Mkanda wa zamani nimeuweka kwenye mfuko. Utaukunja kwa mkono wako, kisha uniambie tena niuze.

Nisalimie wifi na shangazi Rosalia. Mama mwambie samaki wake wakavu nambebea. Mungu awafunike, na goti lako aliguse.

Mdogo wako akupendaye, na asiyeuza gari,
Sekela