Kivuli Kilichofunika Tumbo la Binti Yangu

Shoga, yule mpiga picha mliyempa kazi ya harusi ya binti yako ndiye aliyetupiga picha sisi. Nisikilize kwanza.

Picha zimefika leo. Si unaijua sebule yangu ilivyo ndogo? Siku ile ya kupiga picha ya familia akafunga lenzi pana ili tuenee wote. Flashi yake kubwa ikagoma, akatumia ile ndogo ya kwenye kamera yenyewe.

Shoga, chini katikati kuna giza! Jeusi, la mviringo kama nusu sahani. Na katikati alikaa nani? Binti yangu na mimba yake. Uso unaonekana, tumbo limemezwa lote.

Limemezwa lote, nakuambia!

Mamamkwe wake akaitazama, akasema mbele ya watu, "Mbona mjukuu wangu amefunikwa?"

Nikampigia mpiga picha nikifoka, simu nikaiweka sauti ya juu wasikie wote. Akanijibu, "Mama, ni kivuli cha lenzi tu. Lenzi hii ni nene, na flashi iko karibu nayo mno, kwa hiyo lenzi inaukinga mwanga usifike chini."

Mamamkwe akacheka kwa dharau. "Lenzi ndiyo imemchagua yeye?"

Basi mwambie mapema, kile kiflashi na lenzi pana asivichanganye. Ile kubwa ikigoma, awapige picha nje juani.

Mimi nimeelewa, haki ya Mungu nimeelewa. Lakini binti yangu anasema tangu aione ile picha mtoto hajacheza tumboni. Tuko kwenye gari, tunaenda hospitali. Amenishika mkono, mkono wake mwingine ameuweka tumboni.