Kilichonifanya Nichimbe Shimo la Samadi

Mjukuu wangu Deodata,

Shikamoo yako niliisoma kwa sauti, bibi yako akaitikia kabla yangu. Tuko wazima. Mpunga unatoa masuke, na mama yako Edita amerudi salama kutoka Mlimba.

Unauliza, kwa ajili ya masomo yako, kwa nini sisi wafugaji wa Katindiuka tulikubali mitambo ya gesi ya samadi miaka ile ya tisini. Wenzangu watakujibu ya kwao. Mimi bwana mifugo alinijia mara mbili, akataja kuni, akataja mbolea, nikamkatalia. Kuni tulikuwa nazo tele.

Kisha zikaja mvua za masika. Samadi ya ng'ombe wangu ikatiririka hadi kwenye kisima cha jirani yetu, Mama Konsolata. Nilingoja aje kunigombeza, na majibu nilikuwa nayo tayari. Hakuja. Kila asubuhi alipita mbele ya banda langu akienda kuchota maji kisima cha mbali, ndoo kichwani, na kila asubuhi aliniamkia kwa adabu: "Shikamoo, Baba Edita."

Wiki ya pili niliona aibu kumwitikia marahaba. Nikamfuata bwana mifugo mwenyewe, nikachimba shimo la mtambo ili samadi iingie humo isitiririke tena, na kisima cha watu nikakisafisha.

Mtambo ulipokamilika, alikuja mkaguzi wa mitambo akaandika kwamba tuliujenga kwa kuwa tulihitaji nishati. Sikumbishia, alikuwa anakunywa chai iliyochemshwa kwa gesi hiyo hiyo.

Masika yaliyofuata nilimwona Mama Konsolata ameinamia kisima chake. Alikinga maji kiganjani, akayanusa, akayaonja, ndipo akajaza ndoo.

Hilo liandike.

Babu yako,
Katindiuka